Sinagogi: maana ya neno na nafasi yake katika maisha ya Wayahudi

Sinagogi (wingi: masinagogi) ni nyumba ambamo Wayahudi hukutana kwa ajili ya sala, usomaji wa Tora, mafunzo ya dini na shughuli za jumuiya yao. Neno hilohilo hutaja pia jumuiya yenyewe ya waumini wanaokutana pamoja, hata kama hawana jengo. Maana hii ya pili ndiyo iliyo ya kale zaidi, na bila kuielewa ni vigumu kuifahamu ya kwanza.

Wasomaji wengi wa Kiswahili hukutana na neno hili kwanza katika Agano Jipya, na kwa sababu hiyo hulichukulia kuwa ni jina la kitu cha zamani, kama vile denari au pishi za Biblia. Sinagogi, hata hivyo, ni taasisi hai. Lipo Jerusalem na New York, lipo Nairobi, Mbale na Lubumbashi. Jambo jingine linalolikumba neno hili ni kubadilishwa na majirani zake: hekalu, kanisa, au kifungu cha maelezo kama “msikiti wa Wayahudi”. Makala haya yanaeleza asili ya neno, historia ya taasisi inayotajwa na neno hilo, mambo yanayofanyika ndani yake, na kanuni za matumizi zinazomsaidia mwanafunzi, mwalimu na mfasiri.

Asili ya neno na ndugu zake katika Kiswahili

Sinagogi limetokana na neno la Kigiriki synagoge, nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi chenye maana ya kukusanya au kuleta pamoja. Wayahudi waliotafsiri maandiko yao matakatifu kutoka Kiebrania kwenda Kigiriki, kabla ya zama za Ukristo, walilitumia kutaja kusanyiko la Waisraeli, yaani watu. Baadaye jina la watu likahamia kwenye nyumba waliyokutania. Mwendo huu wa maana si mgeni kwa msemaji wa Kiswahili: neno kanisa nalo hutaja waumini (“Kanisa limeomboleza”) na pia jengo (“kanisa limepakwa rangi”).

Katika Kiebrania sinagogi huitwa beit knesset, maana yake nyumba ya kusanyiko. Neno knesset ndilo pia jina la bunge la nchi ya Israeli, kwa kuwa nalo ni kusanyiko. Shina lake, k-n-s, lenye maana ya kukusanya, limo pia katika Kiaramu, na kutoka Kiaramu liliingia katika Kiarabu na kuzaa neno kanisa, ambalo Kiswahili kimelipokea likiwa kamili. Kwa hiyo kanisa la Kiswahili na knesset ya Kiebrania ni ndugu wa shina moja. Kiarabu chenyewe kimewatenga ndugu hawa: kanisa ni nyumba ya ibada ya Wakristo, na kanis ni ya Wayahudi. Kiswahili kilichukua la kwanza na kuliacha la pili, na pengo hilo likaja kuzibwa na neno la Kigiriki lililopitia tafsiri za Biblia.

Kanisa si ndugu pekee. Wayahudi waliozungumza Kiyidi, lugha yao ya Ulaya ya kati na mashariki iliyojengwa juu ya msingi wa Kijerumani, waliliita sinagogi shul. Neno hilo lina asili moja na Schule ya Kijerumani, ambayo ndiyo iliyokipa Kiswahili neno shule. Wayahudi wa Ethiopia, wajulikanao kama Beta Israeli, waliita nyumba yao ya sala mesgid, mahali pa kusujudu. Ni shina lilelile la masjid ya Kiarabu, ambamo neno msikiti limetoka. Hekalu nalo lilifika katika Kiswahili kupitia haykal ya Kiarabu, na lina undugu na heikhal ya Kiebrania, jina la ukumbi mkuu wa nyumba ya Mungu iliyokuwa Jerusalem. Wataalamu wa lugha hulirudisha nyuma zaidi, hadi Mesopotamia, kwenye neno la Kisumeri lililomaanisha nyumba kubwa.

Kiswahili basi kina maneno manne, kanisa, shule, msikiti na hekalu, ambayo kila moja lina ndugu aliyewahi kutumika katika ibada ya Wayahudi. Hata hivyo hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kusimama badala ya sinagogi. Asili ya neno hueleza lilikotoka. Maana yake ya leo huamuliwa na watu wanaolitumia. Msemaji wa Kiswahili akisikia kanisa huona msalaba, akisikia msikiti huona mnara na mihrabu, na akisikia shule huona ubao na madawati. Picha hizo ni sahihi katika mahali pake, lakini si picha za sinagogi.

Sinagogi na hekalu: tofauti iliyo muhimu kuliko zote

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni kuliita sinagogi hekalu. Ni kosa dogo kwa sura, lakini huondoa kiini cha historia nzima ya Wayahudi.

Hekalu lilikuwa moja, nalo lilikuwa Jerusalem. Humo zilitolewa dhabihu za wanyama na nafaka juu ya madhabahu, na waliozitoa walikuwa makuhani wa ukoo wa Haruni, waliorithi kazi hiyo kwa kuzaliwa. Hekalu la kwanza liliangamizwa na Wababeli mwaka 586 KK, na watu wengi wakapelekwa uhamishoni. La pili lilijengwa baada ya uhamisho na likasimama kwa karne kadhaa, hadi majeshi ya Kirumi yaliyoongozwa na Tito yalipoliteketeza mwaka 70 BK. Tangu mwaka huo Wayahudi hawana hekalu, hawana madhabahu, na hawatoi dhabihu.

Sinagogi ni kitu cha namna nyingine. Laweza kuwepo popote, katika idadi yoyote. Halina madhabahu, halihitaji kuhani, na ibada yake ni maneno: sala na usomaji. Kulipoanguka hekalu, walimu wa dini wa Kiyahudi, yaani marabi, walifundisha kwamba sala imeshika nafasi ya dhabihu. Nyakati za sala zenyewe zikapangwa kwa kufuata nyakati za sadaka za hekaluni. Sala ya asubuhi, shaharit, na ya alasiri, minha, zinalingana na sadaka mbili za kila siku. Siku za Sabato na sikukuu huongezwa sala inayoitwa musaf, kwa kuwa siku hizo sadaka ya ziada ilikuwa ikitolewa. Sala ya jioni, maariv, hutimiza tatu za kila siku.

Kila mwaka, tarehe 9 ya mwezi wa Av katika kalenda ya Kiyahudi, Wayahudi hufunga kula na kunywa kwa kukumbuka kuangamizwa kwa nyumba zote mbili za Jerusalem. Huketi sinagogini juu ya sakafu au viti vya chini, kama wafiwa, na Kitabu cha Maombolezo husomwa kwa sauti ya huzuni. Tuchukue sentensi hii: “Siku hiyo Wayahudi huketi katika sinagogi kuliombolezea hekalu.” Mfasiri akiandika hekalu mahali pote pawili, watu watakuwa wameketi ndani ya kile wanachokililia, na sentensi itakuwa imepoteza akili yake. Maneno mawili yanahitajika kwa sababu kimoja kilianguka na kingine kikabaki.

Lipo jambo moja linalomtatiza mfasiri hapa. Mwaka 1818, katika mji wa Hamburg, Ujerumani, Wayahudi wa mwelekeo wa Mageuzi walifungua nyumba ya ibada waliyoiita kwa neno lenye maana ya hekalu. Waliona kwamba nchi waliyoishi ndiyo kwao, na kwamba hawakuwa na haja ya kungoja kujengwa upya kwa nyumba ya Jerusalem. Desturi hiyo ilienea hadi Marekani, ambako masinagogi mengi ya Mageuzi yana majina ya namna hiyo hadi leo. Pale jina rasmi linapotajwa, laweza kubaki lilivyo. Lakini katika maelezo ya kawaida, nyumba hiyo katika Kiswahili ni sinagogi.

Sinagogi lilivyotokea

Ushahidi wa kale kabisa ulioandikwa unatoka Misri. Maandishi yaliyochongwa katika mawe, ya karne ya 3 KK, yanataja nyumba za Wayahudi zilizoitwa kwa Kigiriki nyumba za sala. Hekalu la pili lilikuwa bado limesimama wakati huo, lakini Wayahudi wa Misri walikuwa mbali nalo na walihitaji mahali pa kukutania.

Jiwe jingine maarufu lilipatikana Jerusalem mwaka 1913. Lina maandishi ya Kigiriki yanayomtaja mtu aitwaye Theodotos, kuhani na mkuu wa sinagogi, mwana wa mkuu wa sinagogi na mjukuu wa mkuu wa sinagogi. Maandishi hayo, ambayo wataalamu wengi huyaweka katika karne ya 1 BK kabla ya mwaka 70, yanaeleza kuwa nyumba ilijengwa kwa ajili ya kusomea sheria na kufundishia amri, pamoja na vyumba na maji kwa wageni waliotoka mbali. Ni maelezo mafupi, lakini yamebeba karibu kazi zote za sinagogi: kusoma, kufundisha na kukirimu. Mtu aliyefika mji wa ugeni alijua pa kubisha hodi.

Kwa hiyo hekalu lilipoteketea, sinagogi lilikuwa tayari. Watu waliopoteza kituo kimoja walikuwa na vituo vingi vidogo, na kila kimoja kiliweza kubebwa: ukichukua gombo la Tora na watu, umechukua vyote vinavyohitajika. Hilo ndilo lililowawezesha Wayahudi kuishi karne nyingi wakiwa wametawanyika kutoka Uhispania hadi Uajemi na India bila kuacha kuwa watu wamoja.

Maadui wao nao walilijua hilo. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, unaojulikana kama Usiku wa Vioo Vilivyovunjika, Wanazi walichoma na kubomoa zaidi ya masinagogi 1,000 katika Ujerumani na Austria. Walichokusudia kuvunja kilikuwa jumuiya. Majengo yalikuwa njia.

Ndani ya sinagogi

Hakuna umbo moja la lazima kwa nje. Masinagogi yamejengwa kwa kufuata mitindo ya nchi zilizoyapokea, na mengine ni vyumba vya kawaida katika nyumba za kupanga. Ndani, hata hivyo, vitu fulani hukutwa karibu kila mahali.

Cha kwanza ni sanduku takatifu, kabati linalohifadhi magombo ya Tora, ambalo kwa kawaida hufunikwa kwa pazia. Huwekwa upande unaoelekea Jerusalem, ili wanaosali waelekee huko. Msomaji anayefahamu kibla ataelewa wazo hili bila shida, na neno kibla laweza kutumika katika maelezo mradi isemwe wazi kuwa ni kibla cha Wayahudi. Wayahudi wenye asili ya Uhispania na Ureno huliita sanduku hilo heikhal. Hivyo jina la hekalu la kale limesalia katika kabati la sinagogi. Mbele yake huning’inizwa taa ya daima isiyozimwa, inayokumbusha taa ya hekaluni.

Cha pili ni jukwaa la kusomea, liitwalo bima, ambalo laweza kuwa katikati ya ukumbi au mbele. Bima haifai kuitwa madhabahu, kwa kuwa hakuna kinachotolewa sadaka juu yake. Mimbari ni neno la karibu zaidi, ingawa mimbari ni ya kuhubiria na bima kazi yake kuu ni usomaji.

Kitu chenye heshima kuliko vyote ni gombo la Tora lenyewe. Lina vitabu vitano vya Musa, na huandikwa kwa mkono na mwandishi maalumu, kwa wino na kalamu ya unyoya au ya tete, juu ya ngozi ya mnyama anayeruhusiwa kuliwa. Lina herufi 304,805. Herufi moja ikikosewa au ikifutika, gombo haliruhusiwi kusomwa mbele ya watu mpaka lirekebishwe. Msomaji hafuatishi mistari kwa kidole; hutumia kijiti chenye ncha iliyochongwa kama mkono, ili ngozi isiguswe. Gombo likichakaa halitupwi, huzikwa ardhini kama anavyozikwa mtu.

Heshima hiyo ndiyo iliyozaa chumba kiitwacho geniza, stoo ya kuwekea maandishi yaliyochakaa yenye jina la Mungu. Katika sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya zamani, karatasi zilirundikwa humo kwa karne nyingi. Msomi Solomon Schechter alizichunguza miaka ya 1896 na 1897 na kuhamishia Cambridge karibu vipande 200,000. Humo mlikuwa na sala, barua, mikataba ya ndoa, hesabu za biashara na barua za wafanyabiashara waliokwenda Aden na India. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu maisha ya watu wa kawaida wa Bahari ya Mediterania na biashara ya Bahari ya Hindi katika zama hizo imetokana na stoo hiyo ya sinagogi.

Katika masinagogi ya Wayahudi Waorthodoksi, wanaume na wanawake huketi mbalimbali, wakitenganishwa kwa pazia, ukuta mfupi au roshani. Katika yale ya Mageuzi na ya Kihafidhina huketi pamoja. Mfasiri akumbuke kuandika “Wayahudi Waorthodoksi” kwa ukamilifu, kwa kuwa Waorthodoksi peke yake katika Kiswahili hueleweka kuwa ni Wakristo wa Kanisa la Mashariki.

Watu kumi

Sinagogi halianzi na jengo. Linaanza na minyani, yaani idadi ya watu kumi waliofikia umri wa kuwajibika kidini. Kwa Waorthodoksi hao ni wanaume wa miaka 13 na kuendelea. Madhehebu ya Mageuzi, na sehemu kubwa ya Wahafidhina, huhesabu pia wanawake. Mtu mmoja aweza kusali peke yake popote, lakini baadhi ya sala, pamoja na usomaji wa Tora hadharani, hazifanyiki bila watu kumi.

Miongoni mwa sala hizo ni Kadishi, ambayo mfiwa huisema kwa ajili ya marehemu. Ni sala ya Kiaramu inayomtukuza Mungu, wala haitaji kifo hata mara moja. Mtoto aliyefiwa na mzazi huisema kila siku kwa muda wa miezi 11. Kwa kuwa haisemwi bila minyani, mfiwa hawezi kujifungia ndani na huzuni yake. Lazima aende waliko watu, na watu nao wajue kwamba wasipotokea, mwenzao hataweza kumwombea mzazi wake. Katika jumuiya ndogo, mtu wa kumi huitwa kwa simu au hufuatwa nyumbani. Hapa ndipo maana ya beit knesset, nyumba ya kusanyiko, inapoonekana wazi zaidi.

Viongozi wa sinagogi

Rabi (wingi: marabi) ni mwalimu na mjuzi wa sheria ya dini. Si kuhani, na si kasisi. Makuhani wa Kiyahudi bado wapo kwa ukoo, na katika sinagogi hupewa heshima fulani, kama kuitwa wa kwanza wakati wa kusoma Tora. Lakini kuongoza sala si haki yao peke yao. Mtu yeyote mwenye sifa na ujuzi aweza kuongoza. Mwenye kuongoza kwa sauti ya uimbaji huitwa hazani. Sinagogi laweza kuwepo bila rabi wala hazani. Bila watu kumi haliwezi kufanya ibada yake kamili.

Kazi tatu za sinagogi

Wayahudi huipa nyumba hii majina matatu ya Kiebrania, na kila jina ni kazi: beit tefila, nyumba ya sala, beit midrash, nyumba ya mafunzo, na beit knesset, nyumba ya kusanyiko.

Kama nyumba ya sala, hufunguliwa kila siku, na hujaa siku ya Sabato na sikukuu. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kumalizika Jumamosi usiku. Kiswahili kina urahisi wake hapa, kwa kuwa katika desturi ya Waswahili wa pwani siku mpya huanza magharibi, si saa sita ya usiku. Mwalimu wa pwani hahitaji maneno mengi kueleza jinsi Ijumaa jioni ilivyo tayari Sabato. Kwa kuwa Waorthodoksi hawaendeshi gari siku hiyo, hukaa mahali wanapoweza kufika sinagogini kwa miguu, na hivyo sinagogi huamua pia mtaa wa kuishi.

Kama nyumba ya mafunzo, kazi yake kubwa ni usomaji. Tora imegawanywa katika sehemu 54, na husomwa yote kwa mzunguko wa mwaka, Sabato kwa Sabato, pamoja na sehemu fupi siku za Jumatatu na Alhamisi. Siku ya kumaliza huitwa Simhat Tora, furaha ya Tora: watu hucheza wakiwa wamebeba magombo, na mara tu sura ya mwisho inapokwisha, ya kwanza huanza kusomwa. Mtoto anapotimiza umri wa kuwajibika, huitwa kusoma mbele ya watu wote. Sherehe hiyo kwa mvulana wa miaka 13 huitwa bar mitzva, na kwa msichana wa miaka 12 au 13, bat mitzva.

Kama nyumba ya kusanyiko, hupokea harusi, hukusanya sadaka kwa maskini, hukaribisha wageni na huwa mahali pa kushauriana. Kwa maana hiyo, maandiko yanapotaja mtu kutengwa na sinagogi, hayasemi tu kuwa alifungiwa mlango. Alitengwa na ndugu, na biashara, na msaada.

Masinagogi katika nchi za wasemaji wa Kiswahili

Nairobi, sinagogi la kwanza lilijengwa mnamo 1912 na 1913, na jengo linalotumika sasa ni la miaka ya 1950. Lubumbashi, mji wa Kongo ambamo Kiswahili ni lugha ya mitaa na soko, una sinagogi lililojengwa karibu na mwaka 1930, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Wengi wa Wayahudi wa huko walitoka kisiwa cha Rhodes, na mwaka 1944 ndugu zao waliobaki kisiwani walikamatwa na Wajerumani na kupelekwa Auschwitz. Jumuiya ndogo ya Kongo ikawa moja ya mahali ambapo desturi za Rhodes ziliendelea.

Uganda, karibu na Mbale, wanaishi Abayudaya. Jina hilo la Kiganda linalingana kabisa na Wayahudi ya Kiswahili. Dini yao ilianza mwaka 1919 kwa Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyesoma Biblia na kuamua kushika sheria za Musa. Wakati wa utawala wa Idi Amin dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, na waliobaki, mia chache tu, walisali kwa siri. Hawakuwa na sinagogi kwa maana ya jengo. Walikuwa nalo kwa maana ya kwanza ya neno. Mwaka 2016 walifungua sinagogi kubwa katika mlima wa Nabugoye.

Kanuni za matumizi

Umbo na ngeli. Umoja ni sinagogi na wingi ni masinagogi, katika ngeli ya LI-YA: sinagogi hili, masinagogi haya. Biblia Habari Njema hutumia umbo sunagogi, masunagogi. Maana ni ileile. Katika andiko moja lichaguliwe umbo moja. Sinagogi ndilo lililoenea zaidi.

Sinagogi na hekalu. Hekalu litumike kwa nyumba ya Jerusalem iliyoangamizwa mwaka 70 BK, au kwa mahekalu ya dini nyingine. Sahihi: “Yesu alifundisha katika masinagogi ya Galilaya na katika hekalu la Jerusalem.” Si sahihi: “Wayahudi wa Nairobi walikwenda hekaluni Ijumaa jioni.”

Sinagogi na kanisa au msikiti. Vifungu kama “kanisa la Kiyahudi” viepukwe. Ikihitajika kauli ya jumla inayojumuisha dini zote, nyumba ya ibada inafaa: “Nyumba za ibada, yaani misikiti, makanisa na masinagogi, zilindwe na sheria.”

Rabi, kuhani, kasisi. “Rabi alifafanua sehemu ya Tora ya wiki hiyo” ni sahihi. Kuhani libaki kwa wazawa wa Haruni.

Tora, Torati, Taurati. Kwa gombo linalosomwa sinagogini, Tora linafaa zaidi. Torati limezoeleka katika Biblia ya Kiswahili, na Taurati katika maandishi ya Kiislamu. Mfasiri afuate wasomaji wake, lakini asiyachanganye.

Myahudi na Mwisraeli. Myahudi ni mtu wa dini au taifa la Kiyahudi popote aishipo. Mwisraeli, kwa matumizi ya leo, ni raia wa nchi ya Israeli, ambaye aweza kuwa Myahudi, Mwislamu, Mkristo au Mdruzi. Mtu anayesali katika sinagogi la Mbale ni Myahudi na ni Mganda au Mgisu; si Mwisraeli. Kwa hiyo sinagogi lake liitwe sinagogi la Wayahudi wa Uganda, wala lisiitwe sinagogi la Waisraeli.